Lango Lisilojua Kusubiri

Saa moja na dakika kumi asubuhi, ukungu wa Mbeya ukiwa bado umekaa juu ya mapaa, Kinusi, lango la shule, kilikuwa kazini, na mtu akitaka kusema kweli, kilikuwa kinaifanya kazi yake vizuri. Mtoto anapanda kigae cha njano, anasogeza bega la kushoto kwenye kioo, anapumua mara moja. Kioo kinasoma alama-ngozi, yaani kile kidoti cha wino usioonekana ambacho kila mtu, mtoto au mkubwa, hupakwa siku anapochanjwa. Pua ya lango, sahani ya chuma yenye matundu elfu kumi madogo kuliko jicho la sisimizi, inanusa ile pumzi na kutafuta surua, dondakoo, kifaduro na mafua ya kila ukoo. Halafu sauti nyororo inauliza, "Hujambo? Umeamkaje?" Mtoto anajibu, "Salama," lango linafunguka, na mwenzake anapanda kigae. Yote hayo kwa sekunde nne.

Wanafunzi wa Shule ya Msingi Kilimachai walishazoea. Kwa muda fulani walibishana kama lango liamkiwe shikamoo au la, maana linasema kwa sauti ya mtu mzima. Darasa la saba wakaamua kwamba haina haja, kwa sababu lango lenyewe lina miaka kumi na miwili tu, na mtu wa miaka kumi na miwili haamkiwi.

Ng'ambo ya barabara, Mhandisi Sekela Mwambene alisimama amekumbatia mkoba wake akilitazama lango kama mzazi anayetazama mwanawe akipokea cheti. Yeye ndiye aliyelibuni. Alikuwa ametoka Dodoma alfajiri hiyohiyo kwa treni ya sumaku, na saa nne asubuhi, katika uwanja wa shule hii, alitakiwa kulitetea lisiuawe.

Waliotaka kuliua walikuwa na karatasi yao, Muswada wa Milango Wazi. Ulisema mambo mawili. La kwanza, chanjo za watoto wa shule zisiwe lazima tena, kila mzazi aamue mwenyewe. La pili, kituo kiitwacho Jicho la Afya, kilichokuwa kinapokea habari za kila pumzi ya kila mtoto kutoka kila lango nchini, kifungwe. Kamati ya Baraza ilikuwa inazunguka mikoani kukusanya maoni, na Sekela ndiye aliyeiomba ije Kilimachai. Hakuwa amechagua kwa kubahatisha. Katika takwimu zote za Jicho la Afya hapakuwa na shule safi kama hii. Kwa miaka miwili Kinusi cha hapa hakijanasa homa hata moja. Wanafunzi mia mbili na kumi na watatu, wote wamechanjwa, wote wanaingia.

Tuseme wote isipokuwa mmoja. Mwishoni mwa taarifa palikuwa na mstari mwekundu: *Tupokigwe Mwasomola, darasa la nne. Mtoro sugu. Siku 226 hajaingia.* Sekela aliusoma mstari ule ndani ya treni akatikisa kichwa. Wazazi wengine, alijisemea, hata uwajengee shule ya dhahabu.

Sasa, foleni ilipokwisha, alivuka barabara. Hapo ndipo alipomwona binti wa miaka kumi hivi, sare safi, sweta limefungwa vifungo vyote, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya ukuta, chini ya dirisha la darasa. Daftari lilikuwa magotini. Mkono mmoja ulikuwa unaandika, mwingine umeshika kipande cha muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kengele imeshalia, mwanangu. Mbona huingii?"

"Mimi nataka. Lango ndilo halitaki."

"Haiwezekani," alisema Sekela, kwa uhakika wa mtu anayezungumzia kitu alichokitengeneza kwa mikono yake.

Binti hakubishana. Aliweka daftari chini akaenda kupanda kigae cha njano, akasogeza bega, akapumua.

"Hujambo? Umeamkaje?"

"Salama, ila—"

"Alama haijasomeka," lango lilimkatiza, likawaka taa nyekundu. "Tafadhali rudi nyumbani."

Binti akarudi kwenye ndoo yake akaketi kama mtu aliyetoka kuonyesha jinsi bomba lisivyotoa maji. "Huwa halisubiri nimalize," alieleza.

"Ulitaka kumalizia nini?"

"Ila daktari amesema nisichanjwe kwanza, mpaka miaka miwili ipite. Niliumwa damu. Walipoitibu, chanjo zote nilizochanjwa utotoni zikafutika, na alama nayo ikafutika." Alijikuna shingo. "Baba alipeleka barua ya daktari kwenye Jicho la Afya. Wakajibu kwamba lango halisomi barua."

"Unaitwa nani?"

"Tupokigwe. Wananiita Tupo."

Sekela alihisi mkoba umekuwa mzito ghafla. Mtoro sugu alikuwa mbele yake, amevaa sare, ana wino vidoleni. Alikuwa ameripoti shuleni siku zote zile mia mbili ishirini na sita, na mashine iliyojua kunusa kifaduro kutoka kwenye pumzi moja haikujua kutofautisha mtoto aliyetoroka na mtoto iliyemfukuza yenyewe. Dirisha juu ya kichwa cha Tupo lilikuwa wazi, baridi yote ile. Ndani, mwalimu alikuwa anasoma hesabu za sehemu kwa sauti kubwa isiyo ya kawaida, na madawati yote ya darasa la nne yalikuwa yamegeuzwa yaelekee dirishani.

"Wewe ndiye mwenye hilo lango?" sauti nyingine iliuliza kutoka ndani ya uzio. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kitenge cha buluu na upawa mkononi, mpishi wa shule, ambaye watoto walimwita Mama Suma. Sufuria lake la uji lilikuwa limetegeshwa hatua tano tu kutoka langoni, kwa upande wa ndani.

"Ndiyo, mimi ndiye niliyelitengeneza."

"Basi karibu uji. Tutagombana ukishashiba."

Sekela aliweka bega, akapumua, akasema salama, akapita. Alipokea kikombe na kunywa amesimama. Nyuma ya sufuria aliona ubao mdogo mweusi umeandikwa kwa chaki, majina na maneno mafupi: *Gwamaka, mdogo wake amekohoa usiku. Ipyana, hajala tangu jana. Sekulu, dada yake ana macho mekundu.*

"Hii nini?"

"Ubao wa ila," alijibu Mama Suma. "Mwanangu, wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa hapahapa. Rungwe."

"Na hukujua? Sisi mtu hata nyumba ikiungua, ukimwuliza umeamkaje atakwambia salama kwanza. Salama ni adabu tu, haina habari ndani yake. Habari inakuja baadaye. Salama, ila mtoto ana homa. Nzuri tu, ila tumefiwa. Lango lako likishasikia salama linafungua mlango na kumsukuma mtoto ndani. Anafika kwangu bado ana ila yake mdomoni. Namjazia kikombe, namalizia kuisikiliza, naandika." Alichota, akamimina, akachota tena. "Ukisema mdogo wako amekohoa usiku, mchana huohuo nampigia mama yenu. Jioni muuguzi wa zahanati amepita. Wewe mwenyewe unarudi shuleni tukishajua uko mzima. Lango lako linanusa homa ikishafika. Mimi naisikia ikiwa bado iko njiani."

Kwa hiyo ndiyo maana. Miaka miwili bila homa hata moja langoni! Sekela alikuwa amesafiri kilomita zote zile kuja kuonyesha ushindi wa mashine yake, kumbe ushindi wenyewe ulipikwa na mtu mwenye upawa.

Aliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Maana alikumbuka. Kinusi cha kwanza kabisa, wakati wa majaribio, kilikuwa kinasubiri jibu mpaka mwisho. Kilichukua sekunde saba kwa kila mtoto. Watoto walikuwa wakieleza habari za bibi, za mbuzi, za ndugu anayejikuna, na foleni ikafika barabarani. Mwenye kutoa amri ya kukata sauti baada ya neno la kwanza alikuwa yeye. Aliokoa sekunde tatu, akapewa tuzo. Yeye, ambaye mama yake mzazi alikuwa akisalimiana na jirani mpaka maharage yanaungua jikoni.

Na lango kutokuwa na ufunguo, hilo nalo alikuwa akijivunia. Zamani kadi za chanjo za kughushi zilikuwa zikipatikana kama njugu, na watoto walikufa kwa surua huku kadi zao zikisema wamekingwa. Ndipo Sekela akaapa kutengeneza lango ambalo hakuna mtu wa kulibembeleza. Alifaulu mno. Lilipokuja kukosea, hapakuwa na mtu wa kuliambia.

Saa nne uwanja ulikuwa umejaa. Wazazi walipita mmoja mmoja kwenye Kinusi, salama, salama, salama, wakaketi kwenye mabenchi. Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Nuru Kapinga, mwanamke mwembamba aliyekuwa akitazama saa yake kila baada ya dakika mbili, alimpa nafasi ya kwanza mtetezi wa muswada. Huyo alikuwa Bwana Ambakisye, mkulima wa parachichi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Mimi sigombani na sindano," alianza. "Wanangu watatu wamechanjwa. Nagombana na nzi!" Watu wakaanza kucheka kabla hajafika mbali, kwa sababu kisa walikijua. "Siku ya posa ya binti yangu, mwanangu alipiga chafya langoni. Moja! Tena ya pilipili, mama yake alikuwa anatwanga. Lango likapeleka umbea Dodoma. Nzi-doria akaja, kile kimashine chao cha kuruka, akaning'inia juu ya bati langu siku tatu na taa nyekundu, anatangaza, 'Nyumba hii iko chini ya uangalizi.' Wakwe walifika pale kona, wakaona taa, wakageuka na ng'ombe wao!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka kidogo, ingawa hakutaka.

"Nikaapa. Mwanangu wa mwisho, Lugano, anaanza shule Januari. Hachanjwi mpaka hilo Jicho lifumbwe. Na jambo jingine." Hapo hakucheka tena. Alinyoosha kidole kuelekea kwenye uzio, ambako uso wa Tupo ulikuwa umebanwa kati ya nondo mbili. "Yule mtoto anasomea juu ya ndoo. Masika anasoma na mwavuli. Fungueni malango, Tupo aingie. Ndiyo maana nauunga mkono muswada huu kwa mikono miwili."

Makofi yalikuwa mengi. Mwenyekiti alitazama saa. "Mhandisi Mwambene. Dakika kumi."

Sekela alisimama na kurasa zake kumi na mbili. Zilikuwa na michoro mizuri. Alizikunja akazirudisha mkobani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla sijaanza, naomba tuhame."

"Tuhamie wapi?"

"Nje. Kuna mhusika mmoja hawezi kuingia."

Mtu mmoja akanyanyua benchi. Basi ikawa vurugu ya furaha. Mabenchi yalipitishwa juu ya uzio kwa mikono, watoto wakatoka madarasani bila kuruhusiwa na hakuna aliyewakataza, Bwana Ambakisye akabeba kiti cha Mwenyekiti kichwani, na Mama Suma akaamuru wanaume wanne wamtolee sufuria lake. Mashine mbili za kufagia barabara zilisimama zikapiga honi, zikaona hazina bahati, zikageuza. Kikao kikaanza upya barabarani, katikati ya Kilimachai, na Tupo kwenye ndoo yake akiwa mstari wa mbele.

"Bwana Ambakisye amesema kweli," Sekela alisema. "Lango langu limemkosea huyu mtoto, na aliyelifundisha kukosea ni mimi. Nisameheni. Lakini kaka, nikuulize. Malango yakifunguka, na chanjo ikawa ni hiari, surua ikirudi itamkuta nani kwanza?"

Ambakisye aligeuka akamtazama Tupo kwenye ndoo yake.

"Damu ya Tupo haina kinga yoyote. Yeye hawezi kujikinga. Anakingwa na wenzake, kwa sababu ugonjwa ukimtafuta unakuta kila mtoto aliyemzunguka amechanjwa, unakosa pa kupitia. Watoto mia mbili na kumi na wawili mle ndani ndio ukuta wake. Jijini hapa hakuna mahali salama zaidi kwake kuliko lile darasa la nne. Sisi tukamtoa mle, tukamweka barabarani, kila mpita njia amkoholee. Halafu tukamwandika mtoro."

"Mimi siyo mtoro," alisema Tupo.

"Siyo mtoro. Nitaufuta mstari huo leo hii."

Ambakisye alikuwa amemkazia macho mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa anakunywa uji kwa vikombe viwili. "Kwa hiyo," alisema polepole, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilihitaji kipaza sauti, "nikigoma kumchanja Lugano, namgomea nani? Nzi?"

"Unamgomea Tupo, kaka."

"Na nyinyi mkilifunga hilo lango, mnamlinda nani?"

"Tulidhani tunamlinda yeye."

Wakatazamana, mkulima na mhandisi, kila mmoja akiwa ameshikwa na kosa lake. Mwenyekiti alivua saa yake akaitia mfukoni.

"Nisikilizeni," alisema. "Mimi nimetumwa na muswada. Wananchi wanasema ndiyo au wanasema hapana. Muswada huu hauna *ila*."

"Basi tuuandikie!" Mama Suma alipaza sauti kutoka kwenye sufuria.

Na wakauandikia, wima, juu ya mgongo wa benchi, kila mtu akisema kwa wakati mmoja. Chanjo ibaki lazima, ila neno la daktari lifungue lango. Hapo mzee mmoja akauliza daktari gani, maana wengine wanauza hata saini zao, wakaongeza kwamba asaini muuguzi wa zahanati pia, anayemjua mtoto kwa sura. Jicho la Afya liendelee kuhesabu, maana bila kuhesabu hakuna atakayejua surua imefika kijiji gani, ila lihesabu homa, lisihesabu majina. Kuhusu nzi-doria ubishi uliwaka nusu saa nzima. Mwishowe Ambakisye akasema, "Nyumba ya mtu haipigiwi doria. Nyumba inapigiwa hodi. Kama mna wasiwasi na chafya yangu, tumeni mtu, abishe, tumkaribishe, aulize." Likaandikwa hivyohivyo, na neno hodi likabaki ndani ya sheria mpaka leo.

"Na Lugano?" Sekela aliuliza.

"Lugano anachanjwa Jumatatu," alisema Ambakisye. "Ila nikimwona nzi mmoja juu ya bati langu, namwangusha kwa manati."

Baraza liliupitisha muswada baada ya miezi mitatu, ukiwa na ila zake karibu zote. Wiki hiyohiyo Sekela alirudi Kilimachai, akakaa siku tatu kando ya sufuria la uji na kompyuta yake magotini. Kinusi kilikuwa kinajifunza adabu mpya, na mwalimu alikuwa Mama Suma.

"Bado linaharakisha," alikuwa akisema. "Mtoto akishasema salama, linyamaze. Mtu akinyamaziwa vizuri husema."

"Linyamaze sekunde ngapi?"

"Mpaka amalize."

Sekela aliandika hivyo, ingawa si rahisi kuiandikia mashine neno *mpaka*. Hakuigusa pua wala kioo. Ila kwenye nguzo ya kulia alitoboa tundu akaweka kitasa, na ufunguo wake mmoja wa shaba ukafungwa kwa kamba kwenye upawa. Lango likipata jambo lisilolielewa, litawasha taa ya njano na kumwita mtu.

Jumatatu asubuhi foleni ilikuwa ndefu kupita kiasi, imefika mpaka kwa wauza maandazi, kwa sababu sasa kila mtoto alichukua sekunde saba na wengine, hasa wenye mbuzi nyumbani, walichukua dakika. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mwalimu wa zamu. Watu wazima nao walikuwa wamejaa barabarani, kila mmoja akijifanya ana shughuli maeneo yale. Lugano, akiwa na plasta ya sindano yake ya pili begani, alikuwa anaionyesha kwa yeyote aliyekuwa tayari kuitazama na kwa wasiokuwa tayari pia.

Tupo alipanda kigae cha njano. Alikuwa amebeba ndoo yake, amesema ataitumia kuwekea maua. Akasogeza bega, akapumua.

"Hujambo? Umeamkaje?"

"Salama."

Lango likanyamaza. Barabara nzima ikanyamaza nayo. Sekela alijikuta anahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, zile sekunde tatu alizowahi kuziokoa.

"Ila?" lango liliuliza.

Tupo alifikiri. Daktari, damu, barua, yote hayo yalikuwa yameshaandikwa.

"Ila nimechelewa," alisema. "Mwaka mmoja na miezi mitano."

Taa ya njano ikawaka. Mama Suma akaja mbio na upawa wake unadondosha uji, akatia ufunguo, akauzungusha.

"Tumesikia," alisema. "Pita mwanangu, uji unapoa."